Mafunzo ya Mtasema

Kilio kilimfikia Ikupa akiwa bado barabarani, kabla hajaona paa wala ua wa shemeji yake. Kilikuwa kilio cha mwanamke. Kilipanda, kikakatika ghafla kama mdomo uliozibwa kwa kiganja, kisha kikaanza tena, kikimwita mama kwa Kinyakyusa. Ikupa alitua mkungu wa ndizi aliojitwika tangu stendi, akasikiliza vizuri. Ilikuwa sauti ya dada yake Prisca, waliyemzika migombani kwa mumewe wakati wa mvua kubwa. Akajifunga khanga upya, akajitwika mkungu wake, akaendelea kupanda kilima cha Bulyaga.

Uani alimkuta Nelson amevua shati, anamfundisha mbwa kukaa.

Mbwa alikuwa jike, rangi ya udongo, amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda. Ncha za masikio yake zilikuwa zimekatwa kwa kisu, maana inaaminika mbwa mwenye masikio mafupi ndiye anayewahi kumsikia mwizi, na vidonda vilikuwa bado vinatoa maji. Kwenye sufuria lake kulikuwa na ugali uliokandwa kwa pilipili kichaa ili awe mkali. Nelson alikuwa ameushika mkanda upande wa ngozi, wa chuma ukining'inia.

"Sidauni!" alisema, kwa kuwa mbwa hufundishwa Kiingereza hata kama mwenye mbwa hakijui.

Mbwa hakukaa. Chuma kilitua mbavuni.

"Basi, Nelson," mbwa alisema kwa sauti ya Prisca. "Basi, baba Tumpe."

Chuma kilitua tena, safari hii kwenye mdomo.

"Karibu, shemeji," Nelson alimwambia Ikupa bila kugeuka. "Hizo ndizi weka jikoni. Huyu ana kichwa kigumu, sijawahi kuona."

"Anaitwa nani?"

"Mtasema."

Jina lile lilikuwa la majirani. Mtu wa pale asiyetaka ugomvi wa ana kwa ana humpa mbwa wake maneno yanayomkaa kooni, halafu humwita kwa sauti kubwa. Tangu mazishi watu walikuwa wakinong'ona kwamba mwanamke akiteleza mtoni hapati alama za chuma cha mkanda mgongoni. Basi kila jioni Nelson alisimama getini akaita, "Mtasema! Mtasema mchoke!" na majirani wakafunga madirisha.

Ikupa alikuwa amekuja kwa jambo moja tu: kumchukua Tumpe, mtoto wa dada yake aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, ampeleke kwa bibi yake, kijijini Suma. Alimwahidi mama yake kwamba angerudi siku hiyohiyo. Nelson alimsikiliza huku akifuta mkanda kwa jani la mgomba. Akasema mtoto ni wa ukoo, na msemaji wa ukoo ni baba yake, Mzee Anyosisye. Apelekewe habari, aje, aseme. Mpaka hapo shemeji apike.

Ikupa akapika. Akafua nepi, akamwogesha mtoto, na mafunzo yalipoanza kila asubuhi alimfunga Tumpe mgongoni akaenda kusimama ukutani kwa Bi Rukia, aliyekuwa akichoma chapati za kuuza.

"Leo kaanza mapema mwenzio," Bi Rukia alisema, akigeuza chapati.

"Unaijua sauti hiyo, mama?"

"Nisiijue? Mbwa mimi simgusi, mwanangu, nina udhu. Lakini akinisalimia naitikia. Jana kaniuliza kama mume wangu amesharudi kutoka sokoni. Nikamwambia bado."

"Alipokuwa hai ulikuwa unamsikia?"

Bi Rukia alipangusa kikaango. "Ukuta wenyewe ndio huu. Nilikuwa naongeza redio."

Siku ya kumjaribu Mtasema, Nelson alimwita Wilson, dereva wa bodaboda, aje kuigiza mwizi. Wilson alivaa makoti mawili, akajiviringishia gunia mkononi, akaingia uani akinyata.

"Oya mwanangu, akinitoa nyama unanipeleka hospitali wewe," alisema.

"Kamata!" Nelson aliamuru, akamfungua mnyororo.

Mbwa alimtazama Wilson, akamtambua, akatikisa mkia. Kisha aligeuka akauma mkono wa Nelson. Nelson alikuwa na kovu la zamani kwenye kifundo cha mkono, kovu la meno ya mtu, na meno ya mbwa yaliingia palepale, jino kwa shimo lake, kama ufunguo kwenye kufuli. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nelson alinyoosha mkono mwingine, akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa bandani, akampiga mbwa mguu wa nyuma. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akampiga tena palepale ili ahakikishe, na mara ya tatu akampiga kwa sababu mpini ulikuwa bado mkononi.

"Mtoto atabaki na nani, Nelson?" mbwa aliuliza akiwa ameanguka.

Wilson alivua koti la juu. "Hivihivi," alisema. "Hata yule marehemu ulianza na mguu." Akawasha pikipiki yake, akaenda kijiweni kutafuta abiria.

Mzee Anyosisye alikuja mchana wa mvua, na mwavuli mweusi. Alikohoa mbali, pale kwenye kona ya migomba, kama anavyofanya mzee yeyote mwenye adabu anapokaribia nyumba ya mwanawe, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kujificha. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mwanamke haonekani na baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mwanamke huyo. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini.

Mtasema alikisikia kikohozi. Aliinuka kwa miguu mitatu, akavuta kwa meno khanga iliyokuwa kwenye kamba, akajifunika kichwa, akaenda kukaa kwenye pembe ya banda akielekea ukutani. Alikaa sawasawa, vizuri kuliko alivyowahi kukaa kwa Kiingereza.

Mzee alisimama. Akaushusha mwavuli ukawa kati yake na banda.

"Mkwe wangu yuko uani," alisema. "Tundikeni kitu."

Nelson akatundika mkeka. Mzee akakaa nyuma yake, akapewa chai. Alimtazama Ikupa kwa upole, akamuuliza habari za Suma, mahindi, magoti ya mama yake. Ikupa alijibu, akaificha furaha yake, kwa sababu mzee alikuwa amemtambua Prisca mwenyewe, bila kuambiwa.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa, "umemjua."

"Nimemjua. Heshima yake ni ileile. Hawa wengine wa mjini wanapita mbele yangu wanatafuna bablishi."

"Basi nisaidie, tata. Nataka kumchukua Tumpe leo. Siwezi kumwacha hapa. Unajua kwa nini siwezi."

Nelson alicheka kidogo. "Ngoja kwanza baba aone tulipofika," alisema, akachukua mkanda, akazunguka mkeka. Walisikia mnyororo ukikokotwa. Kisha wakasikia chuma.

Mbwa hakubweka. Prisca alizungumza, na alizungumza usiku wake wote wa mwisho kwa mpangilio, kila pigo na neno lake. Alisema chakula kilichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Alisema, "Nelson, mtoto yuko mgongoni." Alisema, "Ngoja basi nimfungue, nimweke kitandani." Paliingia kimya cha muda wa kumlaza mtoto, halafu mapigo yakaendelea. Aliomba maji. Aliuliza mbona wanashuka mtoni na giza lote lile. Baada ya hapo ilisikika sauti ya mtu anayepumua ndani ya maji, na ng'ambo ya ukuta redio ya Bi Rukia ikaongezwa.

Mzee alimaliza chai.

"Umesikia, tata," Ikupa alisema. "Sasa simama. Nenda umtazame mgongo."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulionyesha ameudhika kwelikweli. "Mimi? Nimtazame mkwe wangu mgongo? Amekaa hapa miaka yote, uso wake sijauona. Utakuwa mgongo?" Akatikisa kichwa. "Nyinyi vijana mmekosa mafunzo."

Ikupa aliuvuta mkeka ukadondoka. Mzee akafumba macho. Ikupa alimvaa Nelson, akampokonya mkanda, akamchapa usoni kwa upande wa chuma. Unyusi ulipasuka. Akamchapa tena kwenye sikio, na shingoni, na Nelson akarudi nyuma mpaka akakanyaga sufuria la pilipili. Kisha aliudaka mkono wa Ikupa hewani, akaukunja mpaka mkanda ukamtoka, Nelson akauchukua. Hakumpiga. Alimtazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Ana mkono huyu," alimwambia baba yake.

"Nimesikia," Mzee alisema, macho bado kayafumba. "Mtoto hawezi kwenda Suma, ni wa huku. Lakini anahitaji mama, na mama mdogo ni mama. Wazazi wake nitawaona mimi."

"Mimi nimekuja kuchukua mtoto," Ikupa alisema. "Sikuja kuolewa."

Mzee Anyosisye aliinuka kwa kushika magoti, akafungua mwavuli wake, ingawa mvua ilikuwa imekatika, akauweka kati ya uso wake na uso wa Ikupa. Ikupa akasogea kulia atafute macho yake. Mwavuli nao ukasogea kulia. Akasogea kushoto, mwavuli ukamfuata. Alisema, "Tata, nitazame, si ulikuwa unanitazama sasa hivi," na mwavuli ukabaki palepale, mweusi, unadondosha maji.

Ndani ya nyumba Tumpe alianza kulia. Kwenye pembe ya banda mbwa aliinua upindo wa khanga kwa pua, akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Mzee alitembea kinyumenyume mpaka njiani, akimkwepa mkwe wake kwa adabu zote. Alipofika kwenye migomba alimwita mwanawe.

"Nelson, yule wa kwanza ulimharakisha mno. Kilio chake kinafika barabarani, wanakisikia mpaka watu wa dini nyingine. Si heshima."

Nelson alijipangusa damu kwenye jicho, akauviringisha mkanda kwenye ngumi.

"Nimekuelewa, baba," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Nakuahidi. Huyu nitamfundisha taratibu."