Ufupisho wa Revocatus

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kupangwa kichanjani, Recheli alikuwa akifuta mikono kwenye kanga, anachukua simu ya shangazi yake Adelina na kitabu cha mazoezi ya Kiingereza, anakwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa uani. Walikuwa wakiishi Mtendeni, Tabora mjini, na saa hizo kelele za maduka zilikuwa zimeanza kupungua. Shangazi alijua tu kwamba binti anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne na kwamba kuna mtu anafanya naye mazoezi kwenye simu. Hakuwahi kuuliza ni nani.

Mtu huyo alikuwa kaka yake, Revocatus, aliyebaki kijijini kwao Urambo akilima tumbaku. Ili apate mtandao ilimbidi apande juu ya kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba. Walikuwa hawasalimiani. Hiyo ilikuwa amri ya Revocatus mwenyewe: "Salamu zinakula vocha. Soma." Kwa hiyo simu ikipokelewa tu, Recheli anaanza kifungu cha ufahamu, akimaliza anauliza maswali, na kaka mtu anajibu kwa Kiingereza chake cha kuchechemea, huku akihema kama mtu anayesukuma baiskeli kwenye mchanga.

Jioni ile ya Oktoba simu ilikawia kupokelewa. Ilipopokelewa, Recheli hakungoja. Akasoma habari ya mzee aliyekuwa akiuza miavuli kwenye stesheni ya treni, ambaye siku moja, mvua inamwagika, alimkatalia mteja mwavuli wa mwisho. Akasoma polepole, akitamka vizuri mwisho wa kila neno. Aya ikaisha. Akauliza kwa nini mzee alikataa kuuza.

"Kaka, hilo ni swali la kwanza tu. Usijifanye unafikiri."

Sauti iliyomjibu haikuwa ya Revocatus. "Recheli, mdogo wangu. Ni mimi, Mathias."

Mathias alikuwa jirani yao kule kijijini. Recheli akacheka. "Shikamoo kaka Mathias. Amekupa simu kwa sababu jibu limemshinda, siyo? Mwambie namsubiri."

Mathias hakuitikia marahaba. "Shangazi yuko karibu? Mpe simu."

Recheli akainuka. Mpaka leo hajui alifikaje sebuleni.

*

Ukuta wa bani ndio uliomwangukia. Bani ni kile kijumba kirefu cha matofali ya udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto, na Revocatus alikuwa akilijenga upya la baba yao marehemu. Tofali zilikuwa mbichi. Alikuwa juu, anapanga mstari wa mwisho, ukuta ukalala naye.

Asubuhi yake Recheli na shangazi walipanda basi la Urambo. Barabara ya huko hufuata njia ya wapagazi wa zamani waliokuwa wakielekea Ujiji, ila sasa ni lami tupu na miombo iliyokauka kando kando, ikingoja mvua. Shangazi alilia mpaka akasinzia. Recheli hakulia. Alikuwa amekumbatia begi lake la shule, alilolibeba kwa mazoea tu, akijaribu kukumbuka jambo la mwisho ambalo kaka yake alimwambia. Lilikuwa juu ya kifungu kingine, cha mkulima aliyepanda mahindi yake wakati wa kiangazi kikali akangoja.

"Kwa nini mkulima alikosa mavuno?" Recheli aliuliza.

"Kwa sababu mwandishi hajawahi kushika jembe."

"Kaka! Jibu litoke kwenye kifungu."

"Kifungu chenyewe kinadanganya."

"Hata kikidanganya, wewe jibu kama kinavyodanganya. Ndivyo wanavyosahihisha."

Revocatus alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Ndiyo maana nilifeli, dada'angu. Mimi nilikuwa nabishana na karatasi."

Alifeli kweli, miaka kadhaa nyuma, na matokeo yalipotoka kijiji kizima kilijua kabla yake. Wakampachika jina la Ziro. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Waliomwita Ziro ndio hao hao waliokuwa wakimkopesha jembe na kumwalika harusini. Naye aliitika. Alikuwa akiitika na kutabasamu, na dada yake peke yake ndiye aliyejua kwamba mwaka huu alikwenda kimya kimya kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, afanye mtihani Novemba, mwezi ule ule na yeye. Alitaka apate vyeti vya kumwingiza chuo, akasomee ufugaji wa nyuki.

Recheli ndiye aliyempa wazo hilo. "Fanya mwaka huu," alimwambia, "tufanye wote. Nitakusomea." Revocatus alikubali kwa sharti moja: asiambiwe mtu. Wala Mama. "Wakijua nimerudi shule watanicheka mara ya pili, na safari hii sitaweza kuitika."

Recheli aliapa.

*

Walipofika, turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka upande wa jiko. Mama yao, Veneranda, alikuwa ndani kwenye godoro lililotandikwa chini. Alipomwona binti yake alimshika mikono yote miwili, akaitazama.

Baadaye Recheli alitumwa kupeleka chai kwa wanaume. Walikuwa wakizungumza kama watu wanavyozungumza msibani, sauti ya chini, mara moja moja mtu anasahau anacheka.

"Mimi kinachonishangaza ni haraka," alisema mzee Mahona, ambaye shamba lake lilipakana na lao. "Bani la nini Oktoba? Miche yenyewe bado iko kitaluni. Jani la kwanza la kukausha ni mwakani huko."

"Nilimwambia tofali hazijakauka," alisema mwingine. "Akanijibu, mzee, Novemba sitakuwepo."

"Atakuwa wapi?"

"Kwa mwanamke, wapi tena! Nyie hamkumwona? Kila jioni juu ya kichuguu, simu sikioni, ananong'ona."

"Tena ananong'ona Kizungu. Nilipita pale na ng'ombe nikamsikia kwa masikio yangu."

"Ziro na Kizungu wapi na wapi!"

"Mapenzi, bwana. Yatakufundisha hata Kichina."

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Recheli aliweka birika juu ya meza. Mzee Mahona akamwambia, "Pole, mjukuu wangu, keti upumzike," kwa upole uliomuumiza zaidi ya vicheko.

Nyuma ya nyumba alimkuta Mathias akipasua kuni. Mathias aliweka shoka chini.

"Jana nilipanda kichuguu na simu yake niwapigie, wewe ukawahi, nikakuacha usome mpaka mwisho," alisema. "Sikujua nikukatishe vipi. Nilidhani kwanza unasali."

Recheli akainamisha kichwa.

"Alikuwa anasoma, siyo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sijamwambia mtu. Hilo ni la kwenu. Ila hao pale wanamtafutia mwanamke."

"Aliniapisha, kaka Mathias."

Mathias alitazama mahali ukuta ulipokuwa umesimama. "Haya," alisema, akaokota shoka lake.

*

Baba mkubwa Elieza, ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia mambo yote. Alimwita Recheli akampa kalamu.

"Wewe ndiye msomi wetu. Andika wasifu wa marehemu, utausoma mwenyewe kabla ya sala. Uwe mfupi. Mchungaji ana msiba mwingine Ussoke."

"Niandike nini, baba mkubwa?"

"Kuzaliwa, kubatizwa, shule, kazi, kuugua..." Akasita. "Hakuugua. Basi andika ajali. Kwenye shule andika tu alihitimu. Mambo ya alama hayana maana leo."

Recheli alikwenda kukaa kwenye gogo karibu na zizi. Kuandika ufupisho alikujua. Ndilo swali alilokuwa akipatia alama nyingi kuliko yote. Mwalimu wao alikuwa akiwaambia: toa mifano, toa maneno yaliyosemwa na watu, toa chochote ambacho kikitoka habari inabaki imesimama. Akaandika kwamba kaka yake aliitwa Revocatus kwa sababu mama yao alizaliwa Mkatoliki, na kwamba yeye mwenyewe aliitwa Recheli kwa sababu baba alikuwa Mmoraviani, na kwamba wazazi walikubaliana kugawana watoto kwa majina. Akafuta. Habari ilibaki imesimama. Akaandika jinsi Revocatus alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mbuga wakati wa masika, akimwambia mamba wa Tabora hawali watoto wa shule. Akafuta. Akaandika juu ya mizinga yake ya nyuki, akafuta mizinga, akabakiza neno mkulima.

Alipomaliza kunakili upya, karatasi ilikuwa safi, na mtu aliyekuwamo angeweza kuwa yeyote. Baba mkubwa aliipitia akasema, "Vizuri sana."

Alikuwa akirudi ndani Mama alipomwita. Wanawake waliokuwa wamemzunguka walisogea.

"Kaa hapa," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wewe na mwenzako mlikuwa mnapendana sana. Alikuwa akikuambia mambo."

"Ndiyo, Mama."

"Huyo mwanamke wa kwenye simu. Ni nani?"

Recheli akaanza kuvutavuta uzi wa godoro.

"Usiogope, sitamgombeza. Hata kama ni mke wa mtu, hata kama ni Mwarabu wa huko mjini, mimi sijali. Nilikuwa nikimgombeza Revo, kila jioni kichuguuni, kichuguuni, ng'ombe hawajafungwa. Naye ananicheka tu, anasema, Mama, utakuja kufurahi." Mama alisogea karibu zaidi. "Utakuja kufurahi. Mtu hasemi hivyo bure. Kama huyo binti amebeba damu ya mwanangu nataka nijue. Aje. Nitamlea yeye na mtoto wake. Atakuja kuzika, siyo? Amepewa habari?"

"Sijui, Mama," Recheli alisema.

Lilikuwa jibu baya, na alilijua palepale, kwa sababu uso wa mama yake ulichangamka. Kwa Mama, "sijui" maana yake mwanamke yupo.

*

Jeneza liliwekwa chini ya turubai. Kwaya iliimba, watu wakasimama, wakakaa. Recheli alisogezwa mbele akapewa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu wengi namna ile. Hata darasani alikuwa akiinua mkono nusu, ili mwalimu asimwone.

"Marehemu Revocatus alizaliwa hapa kijijini," alisoma. "Alikuwa mtoto wa kwanza wa familia. Alibatizwa na kulelewa katika maadili ya Kikristo. Alipata elimu ya msingi hapa hapa, na baadaye alihitimu elimu ya sekondari."

Mtu fulani nyuma alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Recheli alisikia. Akaendelea. "Baada ya kuhitimu alijishughulisha na kilimo cha tumbaku mpaka mauti yalipomkuta."

Alipoinua macho kutafuta pumzi alimwona mama yake. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka, lakini hakuwa akilitazama jeneza. Alikuwa amegeuza shingo kuelekea barabarani. Bodaboda moja ilikuwa imesimama pale, na dada mmoja aliyejitanda mtandio mweusi alikuwa akishuka, mgeni machoni pa wote, labda jamaa wa mtu fulani wa kwaya. Dada yule alisogea kwa haya, akitafuta mahali pa kukaa.

Mama akaanza kuinuka. Alijishikiza begani kwa shangazi Adelina, akainua goti moja, na mkono wake mwingine ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja wazi, kama anavyomkaribisha mtu mlangoni. Dada wa watu alisimama, akatazama kushoto na kulia, asijue anaitwa yeye au nani.

"Karibu mwanangu," Mama alisema. "Karibu, njoo huku mbele."

Watu wote waligeuka. Recheli alitazama karatasi. Ilibaki mistari miwili tu, shukrani kwa majirani na Bwana alitoa. Baba mkubwa Elieza alimwashiria kwa kidole aimalizie.

"Mama," alisema.

Kipaza sauti kilipiga kelele, akakisogeza mbali na mdomo.

"Mama, keti. Mwache huyo dada, hamjui kaka. Hakuna mwanamke, Mama. Aliyekuwa akizungumza naye kichuguuni ni mimi."

Mama alibaki vile vile, mkono hewani. Baba mkubwa akasema, "Recheli," kwa sauti ya kuonya, lakini alikwisha kuanza na alijua akinyamaza sasa hataweza tena.

"Nilikuwa namsomea Kiingereza, naye ananijibu. Alikuwa amejiandikisha mtihani wa mwezi ujao. Bani alitaka liishe mapema ili aende mjini kwenye mtihani bila kukuachia kazi. Mimi ndiye niliyemwambia afanye mwaka huu. Aliniapisha nisimwambie mtu mpaka afaulu, alikuwa anaogopa mtamcheka. Na angefaulu. Nawaambia angefaulu, alikuwa anabishana tu, lakini majibu alikuwa anayajua." Akavuta pumzi, na machozi aliyoyazuia tangu Mtendeni yakaja yote kwa pamoja. "Nisamehe, Mama. Hukuachiwa mjukuu. Hakuwa na mchumba. Kaka yangu alikuwa anasoma."