Juhudi za Novemba

Mgambo hakumpiga. Aliitoa ndoo kichwani mwa Mwanakombo kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akaiinamisha. Mchanga ukayanywa maji yote pale pale. Mtoto aliyekuwa mgongoni aligeuza shingo kuufuata mlio wa maji, midomo imekauka hadi imepasuka.

"Mahame hakuna ruhusa," mgambo alisema. "Maji yapo kijijini."

"Yale ya chumvi, kaka yangu. Mtoto anaharisha."

"Mimi nimetumwa tu."

Somoe alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika baiskeli ya mradi, na hakutia neno. Mwanakombo ni mdogo wake, tumbo moja. Mtoto yule alipewa jina la baba yao, Bwanali, kwa hiyo Somoe hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita baba. Na baba alikuwa anamtazama.

Watu wote wa Nambedo walihamishwa na serikali mwezi wa Agosti, mikorosho ikiwa imechanua. Malori yaliwabeba hadi karibu na mikoko, kwenye uwanja uliopimwa kwa kamba, wakaambiwa hapa panaitwa Azimio, jengeni. Mapaa ya nyumba zao yalibomolewa nyuma yao ili mtu asije akatamani kurudi. Tangu siku hiyo Nambedo haikuitwa Nambedo tena, iliitwa mahame, na kisima chao kitamu kikabaki huko huko mahame. Kisima cha Azimio kilitoa maji ambayo hata ukiyapikia uji, mtoto anautema.

Somoe alikuwa na kazi, na mjini Mtwara walimwonea wivu kwa kazi hiyo. Chuo kikuu kilikuwa na mradi wa kuchunguza afya ya watoto wa vijiji vipya, kwa pesa za wafadhili wa ng'ambo. Alikuwa na darasa la nane, akapewa baiskeli na mizani ya kuning'iniza. Aliwapima watoto wa Nambedo kabla ya kuhama na akaendelea kuwapima baada ya kuhama. Walikuwa wanapungua wote. Hilo halikutaka elimu, hata mama zao waliliona wakiwafunga mgongoni.

Siku ile ya ndoo alikwenda moja kwa moja mjini, kwa Josephu, mratibu wa mradi.

"Bwana Josephu, nataka nimwone Mkuu wa Wilaya. Nimwombe watu waruhusiwe kuchota maji mahame. Basi. Hata kwa zamu."

Josephu alifunga mlango kwanza. "Umwombe kama nani?"

"Kama mtu wa Nambedo."

"Na nani anakulipa?"

"Mradi."

"Haya. Mkataba wako unasemaje? Mtumishi anayelipwa na mfadhili asiishawishi serikali. Kupima, ndiyo. Kuandika, ndiyo. Kushawishi, hapana."

"Nashawishi nini? Naomba maji."

"Ukiwa na mizani yetu mkononi, dada yangu, kuomba kwako ndiko kushawishi."

"Basi nitakwenda Jumapili. Siku yangu."

Josephu akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Taarifa yako ya Juhudi inasema juhudi zako mia kwa mia ni za mradi. Hiyo Jumapili umeitoa wapi?"

Loo, Taarifa ya Juhudi! Ilikuwa fomu ya kila mwisho wa mwezi, imefasiriwa na mtu huko Dar es Salaam aliyekuwa na haraka zake. Mwezi wa kwanza Somoe aliandika humo kwamba amejitahidi sana, jua kali, na mpira wa baiskeli umetoboka. Ofisi nzima ilicheka. Josephu akamweleza kwamba juhudi za fomu hii si jasho wala moyo. Juhudi hapa ni saa: kila saa iliyolipwa ionekane imekwenda kwenye kazi gani, na ikionekana imekwenda kwingine, pesa zinarudishwa ng'ambo na mtu anarudishwa kwao.

"Basi niruhusu niitumie baiskeli ya mradi," Somoe alisema. "Mimi mgambo hawanizuii, wanajua ni mtu wa mradi. Nimchotee mtoto mmoja tu."

"Bwanali yumo kwenye sampuli, Somoe. Ukimnywesha maji ya kwingine unaiharibu."

Alisema hivyo, na alikuwa na watoto wake mwenyewe. Somoe alitaka kumtukana, akamkumbuka mama yake anayekula mshahara huo huo, akasema ahsante, akatoka.

Halafu Mkuu wa Wilaya akaja mwenyewe Azimio. Watu walipangwa uwanjani tangu asubuhi, wakasubiri hadi jua likawa utosini.

"Uhuru!"

"Na kazi!" waliitika, makoo makavu.

Akasifu nyumba zilizonyooka. Akauliza kama kuna tatizo, na katibu wa tawi la chama akajibu upesi kwamba hakuna, Ndugu Mkuu wa Wilaya, wananchi wamefurahi. Mkuu wa Wilaya hakuwa mjinga. Alizungusha macho, akaiona mizani.

"Yule dada wa utafiti. Unaitwa nani?"

"Somoe Bwanali."

"Ndugu Somoe, wewe ndiye unayewapima. Watoto wa hapa wanaendeleaje?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Mwanakombo alikuwa safu ya mbele, mtoto mapajani, na uso wake ulifunguka, jamani, ulifunguka kama wa mtu aliyeitiwa jina lake posta. Nyuma ya Mkuu wa Wilaya alisimama Josephu. Hakutikisa kichwa, wala hakukonyeza. Alitazama viatu vyake tu, akisubiri kama watu wengine.

Maneno yalikuwa mafupi: wanapungua, wape maji ya mahame. Somoe aliyasikia yamefika kooni.

"Utafiti bado unaendelea, Ndugu Mkuu wa Wilaya," alisema.

"Vizuri sana. Endeleeni."

Wiki haikuisha. Bwanali alikufa asubuhi, wakati wa kufagia uwanja, bila kulia, kwa sababu machozi yalikuwa yamekwisha mwilini. Somoe ndiye aliyempokea kutoka mapajani mwa mama yake, akambeba hadi ndani. Katibu wa tawi alitoa ruhusa azikwe Nambedo kando ya babu yake, mgambo wakisindikiza. Wanaume walikwenda. Wanawake walibaki na kilio.

Selemani, baba wa mtoto, aliporudi alikaa kizingitini na mikono yake ya udongo. "Wametuachia tuchote maji ya kumwagia kaburi," alisema. "Mgambo kasema ya kaburi hayana neno."

"Kisima kimejaa?" Mwanakombo aliuliza.

"Kimejaa."

"Matamu?"

Selemani alianza kujipangusa udongo mikononi. Mwanakombo akamgeukia dada yake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Dada, alikuuliza wewe. Kwa jina."

Tangu siku hiyo Somoe hakupata utulivu. Mchana kweupe, mama mwingine anamfunga mtoto wake kwenye mizani, Somoe anasikia nyuma yake ile pumzi kavu ya Bwanali anapotafuta kulia. Anageuka. Hakuna mtu. Mara moja aliitika kabisa, "Abee, baba," na wanawake wakatazamana. Aliogopa kukaa peke yake na aliogopa zaidi kukaa na Mwanakombo. Lakini kazi aliifanya, kila siku, kila nyumba.

Novemba ilipokwisha alipewa fomu. Alijua vizuri juhudi ni saa. Aliandika, kwenye safu ya kazi: kunyamaza. Kwenye safu ya juhudi: mia kwa mia.

Josephu alisoma, akavua miwani. "Hii nini?"

"Juhudi zangu."

"Nilikwambia juhudi ni saa."

"Hata kwa saa. Zihesabu mwenyewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Josephu aliikunja fomu ile, akaitia mfukoni mwa shati lake, akachukua mpya na kuijaza kwa mkono wake mwenyewe: kupima, kuandika, kutembelea kaya. Akafika kwenye siku moja, kalamu ikasita.

"Siku hii hukupima mtu."

"Nilikuwa msibani."

"Mazishi si kazi ya mradi. Itabidi ukatwe." Alivuta orodha ya sampuli, kidole kikashuka, kikasimama. Uso wake ukachangamka. Alikuwa amefurahi kwa dhati, kwa ajili yake. "Si mtoto mwenyewe yumo humu! Basi siku imehesabika. Kufuatilia mtoto wa sampuli. Hukatwi kitu, dada yangu. Na pole sana."

Akaandika. Akasita tena.

"Ila hapa wanataka uzito wa mwisho. Ulimpima?"

"Nilimbeba," Somoe alisema.

"Basi kadiria."

Somoe alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, mitupu, viganja juu. Akaipandisha kidogo, akaishusha, akaipandisha tena, taratibu, akitafuta. Josephu alingoja na kalamu yake.