Mkono Alioukataa Halldor

Mume wangu Orest si mtu wa kung'ang'ania. Kwetu Manitoba, Kanada, ukicheza mchezo wa kutelezesha mawe barafuni ukaona huwezi tena kushinda, hungoji raundi ya mwisho. Unavua glavu, unampa mwenzako mkono, mchezo umekwisha, na aliyeshinda anakununulia bia. Anayeendelea kucheza huyo hana adabu.

Jumamosi ile tulifungwa vibaya. Halldor, jirani yetu na mpinzani wa Orest tangu ujana wao, alikuwa ametuacha mbali mno, hata muujiza usingetufikisha. Ilibaki raundi moja. Nyonga ya Orest ilikuwa imegoma kabisa, na Jumatatu tulikuwa tunahamia Winnipeg kwa binti yetu. Huo ndio ulikuwa mchezo wao wa mwisho, na ukumbi mzima ulijua.

Orest akavua glavu, akanyoosha mkono.

Halldor akautazama, kisha akatia mikono yake mifukoni.

Nilipandwa na hasira. Mkono wa mtu haukataliwi, sembuse wa mgonjwa.

"Halldor, huoni mwenzio kakupa mkono?"

"Naona, shemeji. Miwani ninayo."

"Basi?"

"Basi nini? Si imebaki raundi moja? Tucheze."

"Tumeshindwa, bwana," Orest akasema. "Usinitie aibu."

"Aibu unayo tangu zamani, si ya leo. Sukuma jiwe."

Tukacheza. Orest hawezi kuinama, kwa hiyo husukuma kwa fimbo. Jiwe lake la mwisho lilitoka polepole kama ng'ombe mzee, nami nikawa nafagia barafu mbele yake ili lisogee, mikono inawaka moto, pumzi zinanikatika. Likaanza kuchoka kabla ya kufika kwenye duara. Ndipo nikaona ufagio mwingine kando ya wangu. Alikuwa Halldor, anamfagilia mpinzani wake jiwe, jambo ambalo sheria hairuhusu hata kidogo. Jiwe likaingia, likatulia katikati.

"Umeharibu mchezo, mzee," Orest alisema, anacheka huku anafuta macho. Akanyoosha mkono tena.

"Mikono imejaa," Halldor akajibu, akizikusanya fagio zetu zote na kuzikumbatia. Hakututazama.

Hapo nikamwelewa, na hasira ikaniisha. Nilimpenda yule mzee kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumatatu alikuja kutusaidia kupakia vitu. Gari lilipowashwa, Orest akatoa mkono dirishani. Halldor akamwekea kiganjani kipande cha keki ya plamu aliyooka mkewe, kimefungwa kwenye karatasi, akageuka akaenda zake.

Huku Winnipeg wazee wenzake humuuliza Orest ni nani aliyeshinda ile mechi ya mwisho.

"Bado tunacheza," huwajibu.