Jedwali la Matula

Kwa miaka saba hakuna mkaguzi wa serikali aliyeona ndani ya pampu hata moja ya maji ya dharura katika kituo cha nyuklia cha Brezovina. Pampu zenyewe zilifunguliwa, zikasafishwa na kufungwa na mafundi wa kituo kila moja zamu yake ilipofika. Fomu za ukaguzi zilijazwa, zikatiwa saini, zikagongwa mhuri. Lakini jicho la serikali halikuingia humo. Aliyepanga ukaguzi huo alikuwa Vendelín Matula, na saini zote saba zilikuwa zake.

Aligundua siku ya Jumanne, saa sita na nusu mchana, mbele ya bakuli la supu ya maharage.

Kinu cha pili kilikuwa na siku thelathini na moja tangu kizimwe. Kila Oktoba huzimwa hivyo ili kubadilishiwa fueli na kufanyiwa matengenezo, na safari hii kilitakiwa kuwashwa Ijumaa. Hakiwashwi bila karatasi ya mkaguzi, na Matula ndiye mkaguzi anayekaa palepale kituoni mwaka mzima. Ana ofisi yake ndogo mwisho wa ukumbi, na mshahara wake unatoka mji mkuu. Pale kantini hakubali kununuliwa hata kahawa. Mhudumu aliwahi kumsamehe senti kumi, Matula akazirudisha kesho yake asubuhi kabla ya kuvua koti, na tangu hapo hakuna aliyebishana naye.

Meza ya pili walikaa mafundi wa pampu. Mkubwa wao, Gejza Bakoš, ni mtu mwenye mikono kama makasia na mdomo usiojua kupumzika.

"Bwana Matula," akaita, "mkondo wa kijani umeuonaje?"

Brezovina ina mikondo mitatu ya maji ya dharura ya kupozea kinu, kila mmoja na pampu yake: mwekundu, wa buluu na wa kijani. Mmoja ukifa, wa pili upo. Wa pili ukifa, wa tatu upo. Kila Oktoba mafundi hufungua mmoja mpaka ndani, kwa zamu, na kila Oktoba mkaguzi hukagua mmoja, kwa zamu.

"Safi," Matula akajibu. "Pampu inazunguka vizuri. Makaratasi yako nayo yamenyooka."

"Makaratasi." Gejza akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Mkaguzi wetu kila mwaka anakuja kumtazama bibi harusi wa mwaka jana. Sisi huku tunamfunua wa buluu, yeye yuko kwa wa kijani anasoma cheti cha ndoa."

Meza nzima ikacheka. Matula naye akacheka, maana utani ulikuwa mzuri.

"Nyinyi mna mikono myepesi," akasema. "Nikifika mmeshafunga."

"Tumefunga nini, mzee? Wa kijani tuliufungua mwaka jana. Mwaka jana wewe ulikuwa kwa mwekundu. Mwaka juzi tulifungua mwekundu, wewe ukawa kwa wa buluu. Sisi tukasema labda serikali ndivyo inavyopenda, chakula kikishapoa."

Matula akaacha kucheka. Aliweka kijiko chini, akalipia supu ambayo hakuimaliza, akapanda ofisini.

Ukutani kwake lilikuwa jedwali. Alilichora mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, karatasi moja, rangi tatu. Kabla ya hapo mpango wa ukaguzi ulikuwa marundo ya mafaili. Mkaguzi akiumwa, mwenzake hajui aanzie wapi. Matula hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mchomeleaji wa mabomba, akaingia ukaguzi kwa sababu aliwahi kukataa kuchomelea bomba alilolitilia shaka, na waliolipasua bomba lile wakaona alikuwa sahihi. Katikati ya wahandisi wenye vyeti kwenye fremu, yeye alikuwa na jedwali. Ofisi kuu ililipenda. Vituo vingine vililinakili. Wageni wa kutoka nje walilipiga picha, na watu wakazoea kuliita Jedwali la Matula, kama vile mtaa unavyopewa jina la mtu.

Alitoa mafaili ya karakana na kuyaweka kando ya jedwali, mwaka kwa mwaka. Haikumchukua hata robo saa. Miaka saba iliyopita, Oktoba ile, karakana ilifungua mikondo miwili kwa mpigo: mwekundu kwa zamu yake, na wa kijani kwa sababu ulikuwa unavuja. Yeye mwenyewe alikuwepo, tena aliwasifu kwa bidii yao. Mwaka uliofuata wao wakaendelea na wa buluu. Jedwali likamtuma yeye kwa wa kijani. Tangu hapo karakana imekuwa mbele kwa hatua moja, na yeye nyuma kwa hatua moja, kila mtu kwenye mstari wake ulionyooka.

Na kwa nini hakushtuka alipokuta pampu imefungwa mwaka baada ya mwaka? Kwa sababu fomu ilimruhusu. "Pampu ikiwa wazi, tazama ndani. Ikiwa imefungwa, soma taarifa ya mafundi na uizungushe kwa majaribio." Sentensi hiyo aliitunga yeye. Alidhani kina Gejza ni hodari, wanawahi kumaliza. Sifa aliyowapa watu ndiyo iliyomfumba macho.

Mlango wa tatu kutoka kwake ilikuwa ofisi ya Blažej Hudec, mkuu wa matengenezo. Hudec alimshika binti wa Matula kwenye maji ya ubatizo, na huko kwao jambo hilo ni undugu kamili. Huitana kmotor, hata kwenye mikutano, hata wakiwa wamekasirikiana.

Hudec alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa penseli na raba, akaviweka mezani.

"Sogeza rangi nafasi moja," akasema. "Dakika tatu. Mwakani utatukuta wazi, utatazama mpaka uchoke."

"Na zile fomu saba?"

"Zina uongo gani? Umeandika umesoma taarifa. Umesoma."

"Juu yake imeandikwa 'imekaguliwa'."

"Kmotor, nisikilize. Pampu ya buluu inavuja?"

"Haivuji."

"Inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Joto limepanda? Kipimo chochote kimeruka?"

"Hapana."

"Sasa unataka kunizuilia kinu kwa kosa gani?"

"Kwa sababu yote hayo nimeambiwa na wewe."

Hudec alikuwa mtu mzima, alijua maana ya neno hilo. Mafundi wake hawakuwa waongo, na Matula hakusema ni waongo. Lakini serikali haimweki mtu kituoni ili aambiwe.

"Kufungua, kutazama, kufunga, kujaribu upya," Hudec akahesabu kwa vidole. "Tutachelewa siku tisa. Unajua watu wangu wameahidiwa nyongeza wakimaliza Ijumaa? Mia mbili na kumi na wawili. Utakwenda kuwaambia nini? Kwamba Matula alikosea kupaka rangi?"

"Hivyo hivyo. Nitawaambia hivyo."

"Hakuna anayejua ila mimi na wewe."

"Na Gejza."

"Gejza anatania. Hajui alichokisema."

"Ndiyo, lakini mimi najua."

Hudec aliirudisha penseli kwenye droo, akaifunga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Miaka mitatu umebakiza ustaafu," akasema. "Ungeondoka na jina."

Hilo ndilo lililokuwa linamkwaruza Matula, na Hudec aliligusa penyewe. Angeweza kutia saini Ijumaa bila kuvunja sheria hata moja. Mwakani angesogeza rangi, na jedwali lingebaki ukutani, na jina juu yake. Alirudi ofisini, akakaa akilitazama jina hilo muda mrefu. Mficha uchi hazai, bibi yake alikuwa akisema, na alikuwa akiwaambia wanawake waliochelewa kwenda kwa mkunga. Saa tisa alasiri akapiga simu mji mkuu, kwa Sidónia Repková, mkuu wa mipango ya ukaguzi.

Mama Repková hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza, "Unajua jedwali lako limo kwenye kitabu cha mafunzo?"

"Najua. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Nikizuia kinu kuwashwa, barua ya kwanza kutoka hapa itakuwa ya kukukaripia wewe. Si Hudec, si karakana. Wewe."

"Itumwe ofisini. Nyumbani barua anafungua mke wangu."

Akasikia kalamu ikigongwa mezani kule upande wa pili.

"Wa vituo vingine walionakili," akasema Repková, "nao itabidi waangalie wamepotea wapi."

"Ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza, mama. Kama mimi mwenye jedwali nimepotea humo, wao je?"

"Andika. Weka jina lako juu. Langu nitaliweka chini yake, maana mimi ndiye niliyelipitisha."

Aliandika jioni hiyo, ukurasa mmoja na nusu. Hakuandika "imebainika" wala "kumekuwa na upungufu". Aliandika: "Mpango nilioutunga ulinipeleka kwenye pampu zilizofungwa kwa miaka saba. Sikugundua. Naomba pampu ya buluu ifunguliwe mbele yangu kabla ya kinu kuwashwa, na ya kijani na nyekundu zitazamwe kila moja zamu yake itakapofika, hata kama ratiba nyingine yoyote itasema vingine."

Asubuhi ya Jumatano alishuka karakana na kuwaambia mafundi mwenyewe, akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitema mate ndani ya pipa la taka. Mwingine akasema kwamba alikuwa ameshamwambia mkewe kuhusu hela ile, na sasa akamwambie nini. Gejza aliinamisha kichwa.

"Mdomo wangu huu," akasema. "Ningekula maharage yangu nikanyamaza."

"Ungenyamaza," Matula akamwambia, "mwakani ningekuja tena kusoma cheti cha ndoa."

Wakaifungua pampu ya buluu. Walifanya kazi kwa hasira, lakini kwa mpangilio: kila nati kwenye kisahani chake, kila kisahani na namba yake. Siku ya nne kifuniko kikanyanyuliwa kwa winchi. Matula alivaa ovaroli nyeupe na soksi za plastiki juu ya viatu, kipima mionzi kifuani, akalala ubavu kwenye sakafu ya chuma. Alikuwa na tochi na kioo kidogo chenye mpini, kile kile alichotumia zamani kutazamia upande wa nyuma wa bomba.

Alitazama kwa saa mbili. Alipitisha kidole kwenye kila ukingo wa mapanga yanayosukuma maji. Alipima nafasi kati ya mapanga na ukuta mahali kumi na sita, akamtajia Gejza namba, Gejza akaziandika. Alitazama kila beringi, kila mshono. Mafundi walisimama nyuma yake wakiwa wamekunja mikono. Wengine zamu yao ilikuwa imekwisha, lakini hawakuondoka.

Alipoinuka, goti likalia, Gejza akampa mkono kumsimamisha.

"Umepata nini?"

"Sijapata kitu."

"Najua hujapata," Gejza akasema. "Nilitaka tu nikusikie ukisema. Miaka saba nafanya kazi hii na hakuna mtu kutoka serikalini aliyewahi kuitazama."

"Sasa nimeitazama," Matula akasema. "Ni kazi safi kuliko niliyowahi kuifanya mimi. Na nilikuwa nafanya kazi safi."

Yule aliyetema mate siku ile akaguna. Kisha akachukua kitambaa, akafuta ukingo wa kifuniko ambao haukuwa na doa, akaagiza kishushwe taratibu. Walipokuwa wakifunga, mtu mmoja mmoja alianza kumwonyesha Matula vitu bila kuulizwa: huu mshono niliusaga kwa mkono, huu mpira wa kuzibia maji tuliukataa mara mbili dukani mpaka wakaleta unaofaa. Walikuwa wamesimama wima zaidi kuliko asubuhi. Na Matula, ambaye alikuwa ameingia pale akiwa mtu aliyekosea, alitembea kati yao akiangalia kila kitu, na hakujiona mdogo.

Jioni ile alijaza fomu. Kwenye nafasi ya "pampu ikiwa imefungwa" alipiga mstari, akakata sentensi nzima, akaandika pembeni kwa mkono: "Ikiwa imefungwa, ukaguzi haujafanyika." Chini yake akaandika alichokiona, vipimo vyote kumi na sita, akatia saini. Kati ya saini zake nane, hiyo ndiyo aliyoikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Kinu kiliwashwa siku ya tisa baada ya Ijumaa ile, saa kumi na moja alfajiri, bila hitilafu.

Iligharimu hivi. Kinu kililala siku tisa zaidi bila kutoa umeme. Watu mia mbili na kumi na wawili walikosa nyongeza, euro mia tatu na arobaini kila mmoja, na wanne kati yao hawamsalimii Matula mpaka leo. Barua moja ya karipio iliingia kwenye faili lake, na itakaa humo mpaka astaafu. Majedwali matano yaliondolewa kwenye kuta za ofisi tano. Mawili kati yake yalikutwa nayo yamepotea kwa hatua moja. Ukurasa wa arobaini na moja ulitolewa kitabuni. Na Blažej Hudec huchinja nguruwe kila Desemba, na kwa miaka kumi na tisa Matula ndiye aliyekoroga sufuria. Mwaka huo hakuitwa. Wakikutana ukumbini wanaitana bwana.