Vidoa vya Penseli

Krrr! Krrr! Krrr!

Sabuni aliusikia mlio huo akiwa bado kwenye ngazi, kabla hajauona mlango wa masjala ya makaburi, akatabasamu peke yake. Ilikuwa mashine ya kukatia karatasi ikitafuna ramani za zamani, na kwake ule ulikuwa wimbo wa ushindi. Kwa miezi minne alikuwa akizipitisha ramani hizo kwenye skana, moja baada ya nyingine. Sasa zote zilikuwa ndani ya kompyuta, nyeupe kama pamba, na makaratasi yaliyoliwa na mende hayakuwa na kazi tena.

Jina la Sabuni alipewa na karani wa masjala, mama mwenye ulimi wa upupu. Alimwita hivyo siku ile kijana alipoanza kusakinisha maktaba. Maktaba hiyo haikuwa ya vitabu. Ilikuwa mkusanyiko wa programu za kusafisha picha, unaotungwa na watu wa kujitolea ambao hawajawahi hata kuonana, nao huugawa bure kwa yeyote. Bure, lakini jasho lake! Kipande hiki kilidai kile, kile kikadai kingine, kama wakwe wanaogombea kiti cha mbele. Siku ya tatu ilipokubali, kijana alijipiga kifua hadi tarishi akatoka chumba cha pili kutazama nani amepigwa. Ramani ya kwanza iliingia na madoa ya chai na ukungu, ikatoka safi, mistari tu. Mkuu wa ofisi alimpa mkono mbele ya watu.

"Bwana Sabuni, una mgeni," karani alimwambia alipoingia. "Anasema ni shangazi yako, lakini simwamini. Mbona yeye ana adabu?"

Shangazi alikuwa kwenye benchi, tepu ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlea Sabuni tangu darasa la pili, ikamvisha, ikamsomesha.

"Karibu, shangazi. Kwema?"

"Kwema, baba. Umekonda. Kompyuta haipiki?" Alicheka kidogo, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la manispaa: barabara itapita kwenye upande wa watoto, na kuhamisha makaburi kutaanza Jumatatu. Mtoto ambaye kaburi lake litatambuliwa atazikwa upya peke yake, penye alama yake. Wengine wote watawekwa kaburi moja.

"Nimekuja unioneshe mwanangu alipo," alisema.

Sabuni aliijua habari hiyo kwa vipande, kama kila mtu katika ukoo. Miaka kumi na tisa iliyopita shangazi alikuwa amelala hospitalini, hawezi kusimama, mumewe akaenda kuzika peke yake. Baba wa watu hakuweza kulisema jambo hilo maisha yake yote, naye akafa nalo. Vijiti vya alama vililiwa na mchwa zamani.

Karani alifungua daftari, akateremsha kidole. "Huyu hapa. Namba sitini na tatu. Haya Sabuni, mfungulie shangazi yako ramani, si ndiyo hizo unazotamba nazo?"

Akafungua. Uzio ulikuwepo. Lango lilikuwepo. Njia ya katikati ilikuwepo, imenyooka kama uzi. Kati ya uzio na njia palikuwa peupe.

Shangazi aliinama hadi pumzi yake ikagusa kioo. "Mbona hamna mtu?"

Sabuni alidhani amefungua karatasi nyingine. Akafunga, akafungua. Peupe. Karani alivua miwani, na utani ukamtoka usoni.

"Ya watu wazima yalichorwa kwa wino, mistatili mikubwa," alisema polepole. "Ya watoto, yule mchoraji alikuwa akiweka kiduara cha penseli. Kama punje ya mtama, na kijinamba ubavuni. Hukujua?"

Hakujua. Hakuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yeye aliona kuuliza ni kujishusha. Alikuwa ameiamuru maktaba hivi: kila alama ndogo kuliko kiasi fulani ihesabiwe uchafu, ifutwe. Kiasi hicho alikichagua mwenyewe, akakipandisha kidogo, kisha kidogo tena, kwa kuwa kila alipokipandisha ramani ilizidi kupendeza. Na maktaba, mtumwa mwaminifu, ilifuta mende, ikafuta chai, ikafuta watoto.

Alikurupuka hadi chumba cha pili. "Zima! Zima hiyo mashine! Za upande wa watoto ziko wapi?"

Tarishi alimtazama, karatasi mkononi. "Hizo nilimaliza Jumanne. Gunia limekwenda na gari la taka." Kisha, kwa upole uliouma kuliko matusi: "Si wewe ulisaini kwamba zimekaguliwa?"

Zilibaki picha ghafi za skana. Lakini diski ilikuwa ndogo, naye aliamuru kila picha safi iandikwe juu ya picha ghafi. Aliita huo ujanja. Sasa akazivuta programu za kufufua mafaili, akazilisha diski nzima. Kipande kimoja cha ramani kilirudi, karibu nusu ya juu. Vidoa vilikuwemo! Vidogo, vya kijivu, kila kimoja na namba yake. Akahesabu kwa sauti, kidole kwenye kioo, shangazi akihesabu naye. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na nane.

Baada ya hapo picha ilikuwa weusi mtupu.

Akawaandikia watunzaji wa maktaba, kwenye ukurasa wao wa msaada. Aliandika kwa hasira, kana kwamba wao ndio waliofuta. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana, kutoka kwa mtu anayejiita Bundi: amri hiyo hufanya kama ilivyoelezwa, nukta iliyofutwa na kuandikwa juu yake hairudi, si kwa maktaba yetu wala kwa nyingine. Nimesikitika sana. Leo nitaongeza onyo kwenye maelezo ili yasimkute mwingine.

Sabuni alilisoma mara tatu. Alitamani atukanwe. Mtu mwenye kosa akitukanwa hupata pa kushika, lakini huyu alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa ukuta mtupu. Mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwao alikuwa pale kwenye benchi, amekunja tepu yake mviringo, akiikunjua, akiikunja tena.

Akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Nimemfuta mimi, shangazi. Si kompyuta. Mimi."

Shangazi aliacha kuikunja tepu. "Na hakuna namna?"

"Hakuna."

"Hata kwa hao wenzako wa mbali?"

"Hata kwao."

Aliitikia kwa kichwa, kama mteja aliyeambiwa kitambaa hakitoshi. Hakulia. Mkono wake ulipapasa kichwa cha kijana, ukabaki pale, na kubaki kwake kukamshinda Sabuni.

"Kuanzia namba arobaini na tisa wako wangapi?" aliuliza.

Karani alitazama daftari. "Hadi mia na sita. Hamsini na wanane."

"Na mmoja ni wangu."

"Mmoja ni wako," Sabuni alisema. Akainua sauti ili watu wote chumbani wasikie. "Jumatatu nitakuwa pale kabla ya wachimbaji. Sijui ni yupi, shangazi, na sitajua. Basi wote hamsini na wanane nitawapokea kwa mikono hii, mmoja mmoja, na hakuna atakayeshuka kaburini kabla sijamwita ndugu yangu. Nakuahidi."