Nusu Nyota ya Abu Shukri

…na nusu nyota hiyo imekatwa kwa sababu ya mdomo wake, si kwa sababu ya bia, bia imepewa sifa zote, imeitwa nyeusi kama kahawa ya msibani na laini kama shavu la mtoto, kasoro ni yeye, yeye Nakhle, na povu nalo leo limeamua kumkomoa, limepanda mpaka ukingoni mwa glasi likakaa kama kilemba, halishuki, mgeni wa meza ya dirishani anamtazama, naye ameshika mpini wa bomba hana la kufanya ila kungoja, kwa sababu Rihab alimfundisha, “Baba, povu halikimbizwi, mimina, liache likae, mimina tena,” na yeye aliyemimina kahawa Abidjan, na mvinyo Sao Paulo, na chai ya maziwa kwa Wahindi wa Kuwait bila kufundishwa na mtu, leo anafundishwa kungoja na binti yake mwenyewe, na kibaya zaidi binti ana haki, ukilikimbiza linamwagika, ameshajaribu… “Nisome tena?” anauliza Barakat kinyozi kutoka meza ya tawla, simu mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, dadu zimesimama zinamngoja, “Usisome,” “Nasoma,” “Barakat, nitakumwagia,” “Utanimwagia nini, habibi, glasi yenyewe imejaa hewa,” na anasoma, kwa sauti ile ile anayosomea nyaraka za Paulo kanisani, “‘Nyota nne na nusu. Nimekunywa bia katika nchi nyingi, lakini hii ya kharubu ya Kfar Sindyan, nyeusi kama kahawa ya msibani na laini kama shavu la mtoto, imeninyamazisha. Mtengenezaji ni Rihab, nilimkuta huko nyuma, kwenye kinu cha zamani cha zeituni, amejaa unga wa kimea mpaka kwenye nyusi. Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya mzee anayemimina, baba yake Rihab, ambaye maneno yake ni mengi kuliko povu lake,’” na meza nzima inaangua kicheko, na mmoja anapiga ubao wa tawla mpaka vipande vinaruka.

Mzee, haya, mzee ataimeza, magoti yake huanza kulalamika kabla hajainuka, na maneno mengi, hilo nalo nani atabisha, kule Abidjan wateja walikuwa wakinunua kitambaa ili tu awaache waende zao, lakini baba yake Rihab, hapo ndipo pamemchoma, tangu lini, kijiji kizima kinamwita Abu Shukri, yaani baba wa Shukri, kasisi anamwita Abu Shukri, hata yule mwenye jenereta anayemkatia umeme humkatia kwa adabu, “Utanisamehe, Abu Shukri,” na ameitwa hivyo tangu hana ndevu, kwa jina la baba yake, kwa sababu huku mwanamume huitwa kwa jina la mwanawe wa kiume, na ambaye hajampata huazimwa jina la babu, ili mjukuu akija akute kiti chake kimepanguswa, na kiti kikapanguswa, kikapanguswa tena, akaja Rihab, na baada ya Rihab hakuja mtu, lakini jina likabaki, nani atamvua mtu jina kama koti, likapanda juu ya mlango wa baa, likashuka kwenye kila chupa, ABU SHUKRI, kwa herufi nyekundu, na chini yake masharubu makubwa, masharubu ambayo yeye mwenyewe hana, Rihab ndiye aliyeyachora, wakacheka wote wawili… “Mjibu!” anasema Barakat, “Mwandikie, Abu Shukri, mwambie hii baa ni ya nani, mtu hawezi kutoka Beirut akaja kubadilisha majina ya watu kwa kidole gumba!” na jibu analo, amekuwa akilitunga tangu povu lilipopanda, Bwana mheshimiwa, au Bibi mheshimiwa, maana watu wa mtandaoni hujiita majina kama ya farasi wa mashindano, huyu anajiita Ulimi wa Beirut, haya, Ulimi mheshimiwa, mimi ni Abu Shukri, mwenye baa, mwana wa Shukri mpika pombe ya araki aliyejulikana mpaka Tripoli, na ningependa kukufahamisha kwamba… kwamba nini, hapo ndipo jibu linapokwama kila mara, kwamba Rihab si mtengenezaji? Kwamba hakujaa kimea mpaka kwenye nyusi? Amejaa kimea mpaka masikioni, mito ya kitanda inanuka mkate, mama yake anapiga kelele kila akifua.

Povu limeshuka kidogo, upana wa kidole, bado. Na nani alimzuia asiufunge ule mlango wa kinu siku ile Rihab aliporudi na shahada yake ya kemia na gunia la kimea begani, akasema, “Baba, nipe chumba cha nyuma,” akampa, huku akisema moyoni atachoka, na chupa za kwanza zikalipuka Jumapili wakati wa misa, pa, pa, pa, moja baada ya nyingine, kijiji kikadhani vita vimerudi, kasisi akainama nyuma ya altare na kikombe kitakatifu mkononi, Barakat akaingia chini ya benchi akakwama, ilibidi watu watatu wamvute miguu, huyu huyu anayecheka sasa, na Rihab akatoka kinuni amelowa kuanzia kichwani, vipande vya kioo kwenye nywele, akasema kitu kimoja tu, “Sukari ilizidi,” kisha akarudi ndani akaanza upya, na yeye Nakhle akasimama pale uani amekasirika, au alidhani amekasirika, kumbe lile joto kifuani halikuwa hasira, ni leo ndipo anaanza kulitambua… “Mikono yako isalimike, Abu Shukri,” wanamwambia kila Jumamosi wakimaliza glasi, kama watu wanavyomwambia aliyepika, na yeye anainamisha kichwa, anasema nanyi msalimike, anaipokea baraka na kuitia mfukoni, mikono yake hii laini iliyoshika mpini tu, na ile iliyochomwa na mvuke, yenye kovu kama ramani kuanzia kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo, ile iko nyuma ya ukuta inapekecha sufuria, haisikii.

Na wale wengine wa mtandaoni, kabla ya huyu Ulimi, wote walikosea, wanasoma chupa, wanaona Abu Shukri, wanajua basi yuko Shukri, “Shukri, wewe ni fundi,” nyota tano, “Mpeni Shukri hongera,” nyota nne, “Mwambieni Shukri apunguze uchungu,” na mmoja kutoka Jounieh aliuliza kama Shukri ameoa, mwanzoni Rihab alikuwa akiwajibu mwenyewe, “Shukri amesikia, atapunguza,” “Shukri hajaoa, ana matatizo na mahari,” wakicheka hapa hapa kaunta mpaka machozi, yeye na bintiye, kisha Rihab akawa anacheka kidogo, kisha akawa anatabasamu, kisha ikafika siku yeye Nakhle akamsomea nyota tano za Shukri kwa sauti kubwa na Rihab akaendelea kupangusa bomba kama hakusikia, na yeye, mjuzi wa dunia, mtu wa miji mitatu ya ng'ambo, akadhani amechoka kazi… na asubuhi ya leo, kabla ya kengele ya kanisa, alikuja na simu, “Baba, jioni hii mchapaji anataka maandishi ya chupa mpya, ile ya kharubu, jina tuandike lipi?” swali gani hilo, alikuwa akitafuta viatu, akamjibu akiwa chini ya kitanda, “Lile lile,” na Rihab akasema, “Haya,” haya moja, fupi, na kwa nini haya hiyo imekaa naye misa nzima, imekaa naye mpaka sasa, iko hapa imesimama pamoja na povu.

“Nakhle!” hiyo ni Wadad, mkewe, kutoka jikoni, viazi vinalia kwenye mafuta, “Waambie hao wapige kelele nje, hapa si stendi!” Wadad, ambaye hakuitikia jina la Um Shukri, mama wa Shukri, hata siku moja, wanawake wa kisimani walijaribu, mama mkwe alijaribu mpaka akaingia kaburini, mtu akisimama mlangoni akaita Um Shukri anajibiwa kutoka ndani, kwa upole kabisa, “Um Shukri hayupo, ametoka na mwanawe,” wakachoka, wakamwita Um Rihab, na yeye Nakhle alikuwa akimwombea radhi kwa watu, akisema mke wangu ana kichwa kigumu, kumbe kichwa kilikuwa kigumu mahali panapostahili…

Na Shukri mwenyewe, yule wa kweli, baba yake, Mungu amrehemu, angesema nini, angeona fahari jina lake liko kwenye chupa za watu mpaka Beirut? Siku moja Shukri alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mtungi wa shaba, araki inadondoka tone kwa tone, wakubwa wamekusanyika wanasifu harufu, na Rihab mdogo, hajang'oa meno ya mbele, akapenya katikati ya suruali zao akanusa, akasema, “Babu, imeungua,” wakamcheka, yeye Nakhle akamvuta mkono nyumbani, aibu, mtoto hana adabu, lakini mzee hakucheka, alichovya kidole, akaonja, kisha akainuka akauinamisha mtungi wote, araki ya msimu mzima ikaingia ardhini mbele ya majirani, akamwita mtoto arudi, akamshika ile pua ndogo kwa vidole viwili, akasema, “Pua yangu hii hapa. Nilidhani itapotea,” na yeye Nakhle alikuwepo, alisimama karibu kuliko wote, aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili, halafu akapanda meli akaenda kuuza vitambaa, akarudi, akaendelea kumwekea Shukri kiti, wakati mwenye kiti alishakaa zamani, alikaa hajang'oa meno, na babu mwenyewe ndiye aliyemkaribisha.

Kharubu nayo, nani angefikiria, asali nyeusi ya maganda ya mti wa kharubu ambayo bibi zao waliwalambisha wakiwa na kikohozi, leo iko ndani ya glasi hii, inamnyamazisha mtu aliyekunywa nchi nyingi, na mtu huyo, Ulimi mheshimiwa, ndiye pekee aliyeinuka kwenye kiti akaenda nyuma kuangalia ni mkono wa nani, wengine wote walisoma chupa, huyu alisoma nyusi zenye unga, na akaandika kwa ulimwengu wote kwamba huko Kfar Sindyan yuko Rihab, na kwamba Rihab ana baba, baba yake humimina, ni kweli humimina, na huongea, baba yake Rihab… alijaribu kulitamka polepole, ndani, bila kufungua midomo, kama mtu anayeonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kumeza, na halikuwa chungu, lilikuwa na uzito, lilishuka vizuri.

“Baba.” Rihab amesimama kwenye mlango wa nyuma, aproni imelowa, unga kwenye nyusi, simu kwenye ule mkono wenye kovu, kidole gumba kiko juu ya kioo. “Mchapaji ananiharakisha, anataka kumtoa mkewe matembezi. Natuma. Lile lile, sivyo?” na sauti yake haina lawama, hiyo ndiyo mbaya, angelaumu ingekuwa rahisi. “Ngoja povu likae,” anamwambia, na Rihab anakunja uso, “Povu linahusika vipi?” na yeye wa maneno mengi kuliko povu lake, maneno yote yamekwenda wapi, yalikuwa hapa tangu asubuhi yakigharimu nyota… “Abu Shukri!” anaita Barakat, “Mgeni wako huyo atakufa na kiu, bia!” na Nakhle anasikia jina linapita karibu na sikio lake, linakwenda zake, kama mtu ameitwa barabarani na si yeye, hageuki, anatazama glasi. “Abu Shukri! Umekuwa kiziwi? Nusu nyota imemuua, jamani, mleteeni kasisi!” hageuki, mkono uko kwenye mpini, Rihab anamtazama, na jikoni viazi vimeacha kulia, Wadad ameviondoa motoni, anasikiliza, kisha sauti yake inatoka, kwa upole kabisa, “Abu Shukri hayupo. Ametoka na mwanawe.”

Kicheko kinaitikisa baa, Barakat anapiga goti, anafuta miwani, na mwenye kusutwa hadharani lazima asute, anajua kabisa wapi pa kuchomea sindano, anasimama kabisa, anaweka mkono kifuani kama mbele ya askofu, “Haya basi, samahani sana, Abu Rihab! Abu Rihab mheshimiwa! Tunaomba bia, Abu Rihab!” na wanangoja, wote, wanangoja akasirike, wamekaa tayari kwa matusi yake yale matamu ya bandarini.

“Naam,” anaitika Nakhle.

Anaitika kwa sauti ya kufika mpaka kinuni, mpaka kwenye mtungi wa shaba wenye vumbi, anageuka mwili mzima kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na kicheko kinakatika katikati, mmoja anakohoa, Barakat bado ana mkono kifuani, hajui auweke wapi, na Rihab kule mlangoni kidole gumba kimeanza kwenda, kinafuta, kinafuta, kisha kinaandika, taratibu, herufi tano, na bila kuinua macho anauliza, “Na masharubu, Baba?”

“Hayo uyaache,” anasema, “nitayafuga,” na angeweza kuongeza, Mungu wangu, yako mengi ya kuongeza, mgeni yule hajasimuliwa habari ya pua wala chupa za kwenye misa, lakini anaushika mpini, anainamisha glasi, anatazama, povu bado halijakaa, na yeye hana haraka.