Pasha Aliyepiga Ishara ya Msalaba

Bibi Marigo alikuwa na adui mmoja tu katika bara zima la Australia, na adui huyo aliishi ndani ya televisheni.

Alitokea kila Jumapili saa sita mchana, zikishaisha katuni za kangaruu bondia. Alivaa kinyago chekundu chenye mwezi mchanga kwenye paji la uso, na mtangazaji wa mieleka akamwita Pasha wa Stambuli. Bibi, mzaa mama yangu, alikuwa amekwisha kutoka kanisani, kondoo yuko ndani ya oveni, na kiatu kimoja amekivua na kukipakata tayari. Pasha akichomoza tu, bibi alimsukumizia kiganja wazi, vidole vyote vitano, tusi ambalo kwetu Wagiriki huwatoa watu ndani ya magari wakapigana barabarani.

"Mkono wako ukauke!" alipiga kelele. "Ukauke kama kuni! Mama yako akulilie!"

Kisha kiatu kikaruka. Wazazi wake walikimbia Izmir ikiteketea kwa moto walipoingia Waturuki, yeye akiwa bado tumboni, kwa hiyo Mturuki wa televisheni asingetarajia haki kutoka kwenye kochi letu.

Baba yangu, Pantelis, alikaa kando yake akitafuna mkate. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mara nyingine ndiye aliyemwokotea bibi kiatu ili arushe tena.

Siku moja, nikiwa darasa la kwanza, Pasha alianguka vibaya kutoka juu ya nguzo ya ulingo na hakuonekana tena. Bibi alisherehekea. Alikaanga maandazi ya asali, akanituma nigawe mtaa mzima, hata kwa Waitaliano ambao walikuwa hawasemezani naye. Nakumbuka alimlisha baba kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wiki ile baba alikuwa amefungwa plasta toka kiganjani hadi kiwikoni. Mashine ya kiwanda cha matairi, alituambia.

Mkono ule haukurudi kuwa mkono. Vidole vilijikunja vikabaki hivyo, kama mtu aliyeshika mpini wa jembe akasahau kuuachia. Kiwandani wakampa ufagio. Mama akawa anashonea watu nguo mpaka macho yakamwisha nguvu. Na bibi, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa meno, akapata mada ya maisha.

"Mpisheni bwanyenye," bibi alisema kila baba aliposhindwa kufungua mtungi wa zeituni. "Mkono wake umestaafu, yeye bado."

Baba alicheka. Mama, Mungu amrehemu, hakucheka hata mara moja, na mimi nilidhani ni kwa sababu alikuwa anamwogopa mama yake.

Mama alipofariki, baba na bibi walibaki peke yao katika nyumba ile ile ya mtaa wa Preston, wakigombana kuanzia kahawa ya asubuhi. Nami huenda kila Jumapili kula, kuwaamua, na kuosha vyombo. Mwaka huu, kwa kuwa bibi hatoki tena isipokuwa kanisani, nikaona nimfurahishe. Kuna mtu sokoni anauza vipindi vya zamani vya televisheni kwenye diski. Nikanunua yule kangaruu na mieleka ya Jumapili, vyote kwa pamoja, nikaenda navyo nikijiona mjukuu bora kuliko wajukuu wote wa Melbourne.

Kwanza tulitazama katuni. Kangaruu alimtwanga bondia mmoja mnene mpaka nyota zikamzunguka kichwa, na bibi akacheka hadi akashika mbavu. Halafu akatokea Pasha, na bibi, mwenye umri wake wote ule, akainama kutafuta kiatu.

"Bado una hamu naye?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe. Tazama anavyotembea, mbwa. Kama mtaa ni wake."

Siku zile tulikuwa na televisheni ndogo, picha zake theluji tupu, unamtambua mtu kwa rangi ya chupi. Hii ya sasa imejaa ukuta. Pasha alikuwa amemwangusha kipenzi cha Wagiriki wote, Thanasis, Simba wa Kalamata. Akapanda juu ya nguzo ili amrukie. Akasimama kule juu, ukumbi mzima ukimzomea. Kisha akaruka, Thanasis akajiviringisha pembeni, na Pasha akashukia mkono.

Bibi hakushangilia. Alikuwa amekunja uso.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Tena. Polepole."

Nikaenda polepole, nikasimamisha picha, na sasa nikaona mwenyewe. Kabla ya kuruka, Pasha wa Stambuli, mla Wagiriki, aliunganisha vidole vitatu akajigusa paji la uso, tumbo, bega la kulia, kisha la kushoto. Haraka haraka, kama mtu anayejikuna. Lakini ulikuwa msalaba wetu kabisa, wa Kiorthodoksi, ule anaoupiga kila Mgiriki kabla ya kuwasha gari.

Niliangua kicheko. Nilicheka kama mwehu, na kicheko kile ndicho kinachonichoma hadi leo. Nikafungua dirisha la nyuma.

"Baba! Acha hiyo mizabibu, njoo umwone Mturuki anayesali!"

Baba aliingia na mkasi wa kukatia matawi katika mkono wake mzima. Alitazama ukutani. Hakucheka. Aliuweka mkasi juu ya kitambaa cheupe cha meza, mkasi wenye udongo, kitu ambacho angekifanya siku nyingine bibi angemtoa roho.

Bibi alitazama picha. Halafu akautazama mkono wa baba. Halafu picha tena.

"Baba Evanthia," akasema taratibu. "Ule mkono uliuvunjia wapi?"

"Kiwandani, mama."

"Apa. Kwa roho ya Anthoula."

Anthoula ndiye mama yangu, na Evanthia ni mimi. Baba akauficha ule mkono nyuma ya mgongo.

"Alijua?" bibi akauliza.

"Ndiye aliyekishona kinyago," akasema baba.

Bibi akanyanyuka bila kuomba mkono wa mtu, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe ndiye aliyeyaleta, tena kwa hela yake. Baba alinieleza mambo akiwa amesimama, kana kwamba yuko mahakamani. Wagiriki ndio waliokuwa wakijaza ukumbi, na promota alitaka Mturuki wa kuwachukiza. Waturuki wenyewe walikuwa wachache bado Melbourne, na waliokuwepo walikuwa na akili. Basi akatafutwa Mgiriki mwenye mabega. Kila pambano lilirekodiwa Ijumaa, likaonyeshwa Jumapili, naye akiwa keshakaa kochini. Na kiapo chao kilikuwa kimoja: mwovu wa ulingoni habadiliki kuwa mwema nje. Hamwambii mtu, hata wa nyumbani. Akisema, amewaharibia wenzake wote ugali.

"Wenzako wamekufa, baba."

"Kiapo hakijafa," akasema. Kisha hasira ikampata. "Na si kiapo tu! Nilimficha huyu mwanamke miaka yote. Nilijua siku akijua atajimaliza. Unakuja wewe na rimoti yako!"

Nilitamani kuivunja ile diski kwa meno.

Wiki ile bibi alikula mkate na chai tu. Alimwachia baba kahawa mezani na kutoka kabla hajaingia. Hakumwita bwanyenye hata mara moja, na ukimya ule ulimtisha baba kuliko matusi yote. Kanisani hakwenda, na padri alipokuja nyumbani kumpa komunyo, bibi alikataa.

"Siwezi kuuweka Mwili wa Bwana juu ya ulimi ule ule ulioapiza," alimwambia. Padri akanitazama mimi. Hata yeye aliona nina hatia.

Jumapili iliyofuata nilipika kondoo mwenyewe. Ilipofika saa sita, baba akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aligonga mlango wa bibi.

"Mama, toka. Nataka kusema nawe."

"Sina uso wa kukutazama."

"Basi njoo bila uso. Sikio linatosha."

Alitoka, kitambaa cheusi kichwani, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Baba akakaa mahali pake pa siku zote.

"Sikiliza," akaanza. "Yale mapigano yalikuwa ya kupanga. Nani ashinde, nani aanguke, vyote tulipanga chumbani tukinywa chai. Thanasis alikuwa rafiki yangu. Nilipaswa kuanguka kwa tumbo, nikakosea. Basi. Hakuna laana hapo."

Nilimwona jinsi neno "kupanga" lilivyomtoka kwa shida. Alikuwa ameuza kiapo chake kwa ajili ya bibi.

"Kuanguka mlipanga," akasema bibi. "Kuvunjika je, mlipanga?"

Baba akajaribu mlango mwingine. "Uliniapiza Jumapili. Mimi nilivunjika Ijumaa. Mkono ulikuwa kwenye plasta tayari."

"Na Jumapili ya kabla yake? Na ya kabla ya hiyo? Nilikuwa nimelipa mapema."

"Mama, dua la kuku halimpati mwewe."

"Na kuku akiwa mama mkwe?"

Nikauma mdomo nisicheke. Baba mwenyewe alitabasamu, akadhani amepata upenyo, akausukuma.

"Basi nikwambie ukweli. Mwovu kazi yake ni kuchukiwa. Mwema hupigiwa makofi, mwovu hurushiwa viatu. Nilikuwa nakaa hapa kwa makusudi nikusikilize. Ukipiga kelele sana, nilijua nimefanya kazi nzuri. Melbourne nzima hakuna aliyenisifu kama wewe. Sikuumia hata kidogo. Nakuapia."

Ilikuwa hotuba nzuri. Mimi ningeikubali. Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, na macho yake yalikuwa yamejaa hasira.

"Mnanitetea," akasema. "Wewe, padri, na huyu mtoto. Mnaniambia sikukosa. Nani kawauliza? Nilimwapiza mtoto wa mtu, awe Mturuki, awe nani. Kumbe mtoto mwenyewe alikuwa anakula mkate wangu. Halafu nikamlisha maandazi ya kusherehekea kuvunjika kwake! Halafu nikamcheka miaka yote kwa mkono ule ule! Kama hukuumia, Pantelis, basi huna cha kunisamehe. Na kama huna cha kunisamehe, nitakufa nacho. Haya, niambie tena. Hukuumia?"

Baba akainamisha kichwa. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu.

"Niliumia," akasema.

"Sema."

"Yale ya Pasha nilikuwa nayacheka. Mengi yake. Lakini uliposema mama yangu anililie... mama alikuwa amekufa kijijini mwaka ule, na sikuwa na nauli ya kwenda kumzika." Akapangusa pua kwa kiganja chake kibovu. "Na yale maandazi. Nilikwenda kutapika, ukasema tumbo langu la kike. Na bwanyenye. Mama, bwanyenye uliniita mbele ya mwanangu. Nilikuwa nafagia kiwanda kizima kwa mkono mmoja."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema maneno mengi kiasi kile. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo, nikamkumbuka mama ambaye hakuwahi kucheka, nikakumbuka mimi nilivyokuwa nikicheka.

Bibi alikuwa analia bila sauti. Lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Sasa," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama."

"Na wewe," akanigeukia, "usisimame hapo kama mshumaa. Lete mafuta."

Nikaleta mafuta ya zeituni kutoka kwenye taa ya picha takatifu, kwa maana nilijua ndiyo anayoyataka. Akauchukua ule mkono akaupakata pale pale kilipokuwa kikikaa kiatu, akaanza kuukanda kidole kimoja kimoja. Haukufunguka. Si mkono wa kufunguka tena, na hakuna aliyedanganya kwamba umefunguka. Ila aliukanda mpaka ukang'aa.

"Mama," nami nikasema, ingawa ni bibi yangu. Lilinitoka lenyewe. "Nisamehe na mimi kwa ile diski. Na baba, nisamehe kwa kukuita."

"Wewe utaosha vyombo," akasema baba.

"Naviosha kila Jumapili."

"Basi endelea."

Bibi akala kondoo siku ile, vipande viwili, akalalamika kwamba nimezidisha limau. Alipomaliza akaniamuru niwashe televisheni, pale pale tulipoachia. Nilimtazama baba. Akainua mabega.

Sasa Pasha yuko chini ulingoni, ameukumbatia mkono wake, na huwezi tena kuona kinyago. Unaona baba. Thanasis, Simba wa Kalamata, kipenzi chetu, hajajua kama mwenzake ameumia kweli. Anamkanyaga kama walivyopanga, ukumbi unapiga makofi.

"Mshenzi!" bibi akapayuka. "Hukuona ameumia? Mkono wako..."

Kiganja chake kilikuwa juu tayari, vidole vyote vitano vimemwelekea Thanasis. Kikabaki hewani. Mafuta yalikuwa bado yanameremeta juu yake.

Akakishusha taratibu, akakirudisha juu ya mkono wa baba.

"Na yule naye," akasema, "ana mama mkwe mahali fulani."